SOMO: Viza ya H-2B ya kupanda miti Marekani, someni kabla ya kunifuata inboksi

Wiki hii nimeulizwa mara 11, "mkuu, ile viza ya misitu inaombwaje?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtupia hapa.

Kwanza muelewe kwamba huanzi wewe, anaanza mwajiri. H-2B ni ya kazi za muda zisizo za kilimo, na kupanda miti kumo humo. Kukata magogo kuko H-2A, msichanganye.

1. Pasipoti. Lipia, subiri.

2. Kazi itafute seasonaljobs.dol.gov, tovuti ya Wizara ya Kazi ya Marekani. Bure. Misonobari hupandwa sana majimbo ya kusini (Georgia, Alabama, Mississippi), Desemba hadi Machi. Waajiri wamezoea watu wa Mexico na Guatemala, kwa hiyo andikia wengi.

3. USILIPE MTU. Hapa ndipo nilipoungua. Wakala mmoja alinitoza milioni tatu na nusu "za kushika nafasi", akanipa karatasi yenye nembo na namba ya ombi la mwajiri. Niliuza ekari mbili za miti yangu Mafinga kabla haijakomaa. Siku ya usaili ubalozini afisa akaingiza namba ile, kimya, kisha akauliza nani kanipa. Haikuwepo. Viza nilikuja kuipata mara ya pili, bila kumlipa mtu. Ningeweza kuikagua mwenyewe kwa dakika mbili: namba halisi ina herufi 3 na tarakimu 10, na inaangaliwa bure tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani. Halafu hata kazi ikiwa ya kweli, sheria inamkataza mwajiri na mawakala wake kumtoza mfanyakazi pesa ya kupata kazi. Ikigundulika, ombi linaweza kukataliwa, na wenzako walio kwenye ombi hilo mkaanguka pamoja. "Ya faili", "ya bima", "ya kuharakisha", yote ni yale yale.

4. Mwajiri anapata kibali cha Wizara ya Kazi, kisha anapeleka fomu I-129 (ndiyo ombi lenyewe) USCIS. Nafasi za kawaida za H-2B yote ni 66,000 kwa mwaka, nusu kuanzia Oktoba, nusu kuanzia Aprili.

5. Wewe sasa: fomu DS-160 (ya kuombea viza), ada dola 205, usaili. Ada ya viza mwajiri anapaswa kukurudishia wiki ya kwanza ya kazi. Pasipoti ni juu yako. Kabla ya kuomba viza, dai nakala ya masharti ya kazi kwa lugha unayoielewa.

MASWALI

Chogo_Mbeya: Mkuu naomba namba ya wakala uliyemtumia mara ya pili.

Jibu: Rudi hatua ya 3.

Mama Neema: Kaka, pole kwa miti yako. Wanalipa kwa mche au kwa saa? Mdogo wangu si mwepesi.

Jibu: Asante dada. Mara nyingi kwa mche, lakini jumla yake haitakiwi kushuka chini ya ujira wa saa uliotajwa kwenye masharti. Ikipungua, mwajiri anajazia. Aandike saa zake kwenye daftari kila jioni. Langu liliniokoa wiki moja ya mvua. Zana ni za mwajiri, asikatwe.

Kijana_Mufindi: Nimepanda miti shamba la Sao Hill miaka minne. Kazi ni ileile?

Jibu: Mgongo unauma vilevile. Ila sahau viriba, vile vifuko vya miche. Miche mingi niliyopanda ilikuja mizizi mitupu, bila udongo: begi kiunoni, unatoboa kwa chuma bapa, unaingiza, unakanyaga. Mzizi ukijikunja kama ndoano msimamizi anaung'oa. Toa mche mmoja mmoja, usishike kifungu mkononi, jua na upepo vinakausha mizizi upesi.

Mzee wa Makete: Nikifika si nahamia tu kazi nyingine Texas?

Jibu: Viza imefungwa kwa mwajiri aliyekuombea. Mwingine akikutaka, naye apeleke ombi lake. Ukitoroka, usije kuniuliza.

Kijana_Mufindi: Usafiri wa kwenda msituni?

Jibu: Gari la kampuni, alfajiri, mwendo mrefu. Septemba 2002 huko Maine gari la wafanyakazi wa misitu lilitumbukia mtoni kutoka darajani, wakafa 14, watu wa Honduras na Guatemala. Dereva akikimbiza, semeni.

Mama Neema: Na baridi?

Jibu: Asubuhi udongo unakuwa na barafu juu. Glovu jozi mbili, moja inakauka huku nyingine umevaa.