Bondia anapoingia MMA: mambo ya kuzingatia kabla ya sparingi ya kwanza

Nakuru ni mji wa ndondi. Philip Waruinge alitoka hapa, akashinda shaba ya Olimpiki kule Mexico mwaka wa 1968 na fedha kule Munich mwaka wa 1972. Si ajabu basi kwamba kijana anayekuja kwa kocha wa MMA (mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka) huwa tayari anajua ngumi. Kabla ya kumpanga kwa sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzake, mtazame miguu kwanza.

Bondia husimama kiubavu, uzito ukiegemea mguu wa mbele. Mguu huo ndio utakaopigwa teke kwenye shavu la mguu, na ukishabeba uzito hauinuki upesi kujikinga. Mwambie aelekeze nyonga mbele kidogo, agawe uzito, asogee kwa hatua fupi bila kupishanisha miguu. Shida kubwa zaidi ni mazoea ya kuinama kukwepa konde la pembeni, maana huku anapeleka uso kwenye goti la mwenzake. Maneno hayatamtoa huko. Mshikie pedi, na kila akiinama mguse kifuani kwa goti, polepole, hadi mwili uzoee. Jabu, ile ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, nayo irudi pamoja na miguu. Akiganda baada ya kurusha, atabebwa mapaja na kuangushwa.

Glovu ziwe za aunsi 16. Zile ndogo za aunsi 4 ni za mashindano. Kinga ya meno ichemshwe na kung'atwa mapema ili ishike umbo la meno, isiwe shughuli ya asubuhi hiyo. Kinga za miundi na za sehemu za siri ni lazima, na kucha zikatwe. Kofia ya ndondi hupunguza michubuko tu. Ubongo hutikisika vilevile.

Raundi ya MMA ya kulipwa ni dakika 5. Anzeni na 2, hasa kwa mgeni kutoka Kisumu, kwani Nakuru iko juu kuliko Kisumu kwa zaidi ya mita 600 na pumzi humwishia mapema.

Kubalianeni kiwango cha nguvu kabla kengele haijalia. Mimi ningependa siku ya kwanza kichwa kisiguswe kabisa, hata kama vijana watanung'unika. Akigongwa kichwani kwa bahati mbaya, kisha akalalamika kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya kichwa, mazoezi yake yameisha siku hiyo, aonwe na daktari. Kama alikuja na pikipiki, funguo zibaki kwa kocha.