Kubadilisha pedi za breki na plagi za gari lako nyumbani

Dereva anayeteremka kutoka Mau Summit kuja Nakuru kupitia Sachangwan na Salgaa, au anayeshuka kutoka Kericho kuelekea Ahero na Kisumu, hutumia breki zake kwa kiwango asichokijua dereva wa tambarare. Kwa sababu hiyo naamini kila mwenye gari wa huku anapaswa kuzijua pedi zake kwa macho, hata kama kazi yenyewe atamwachia fundi. Maelezo haya yanahusu magari madogo kama Toyota Probox na Fielder yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, ambayo kwa kawaida huwa na breki za diski mbele na za dramu nyuma. Hapa tutashughulikia zile za mbele.

Unapokwenda dukani kununua spea, beba hati ya usajili wa gari (logbook) ili mwuzaji asome namba ya chasisi, kwa kuwa pedi za Probox ya NCP51 na za Fielder ya NZE141 hazipaswi kuchaguliwa kwa kukisia. Pedi hununuliwa kwa seti ya magurudumu mawili na hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja unapofunga breki.

Egesha gari mahali tambarare na pagumu, vuta breki ya mkono, na uzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma yake. Legeza nati za gurudumu kidogo kabla ya kuinua gari, kwa maana gurudumu lililo hewani huzunguka na spana, na kulilazimisha kunaweza kuliangusha gari kutoka kwenye jeki. Ikiwa ardhi ni ya udongo, weka ubao mpana chini ya jeki. Baada ya kuinua, simamisha gari juu ya stendi imara, kisha toa gurudumu na ulisukume chini ya ubavu wa gari. Jeki inayokuja na gari imetengenezwa kwa ajili ya kubadilisha tairi tu, na mtu asiingize mwili wake chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Fanya upande mmoja hadi umalizike ndipo uanze wa pili, ili upande ambao haujafunguliwa ubaki kuwa mfano wako. Zungusha usukani ili kaliperi (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) itazame nje, fungua bolti yake ya chini, kisha uiinue kaliperi juu kama mfuniko. Kama unalazimika kuitoa kabisa, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwenye mpira wa mafuta ya breki, kwa sababu mpira huo unaweza kupasuka kwa ndani bila kuonekana. Chomoa pedi kuukuu na uangalie unene wake. Pedi iliyobaki na milimita 3 imefikia wakati wa kubadilishwa, hasa kwa anayepita milima hii kila wiki. Zikiwa zimelika bila usawa, moja nyembamba na mwenzake nene, mara nyingi pini ambazo kaliperi huteleza juu yake zimekauka au zimeshika kutu, na pedi mpya zitakwisha vivyo hivyo usipozisafisha na kuzipaka grisi maalumu ya breki.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu, kwani ni hatari kwa mapafu. Lioshe kwa maji ya sabuni au dawa ya kusafishia breki. Pitisha kidole juu ya diski iliyopoa. Mifereji yenye kina, nyufa, au unene uliopungua kuliko kipimo kilichochapwa kwenye diski yenyewe vinamaanisha kwamba diski nayo inahitaji kubadilishwa.

Pedi mpya ni nene, kwa hiyo pistoni, sehemu ya kaliperi inayosukuma pedi, ni lazima irudishwe ndani. Fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki, weka pedi kuukuu juu ya pistoni, kisha ibane polepole kwa klempu huku ukitazama mafuta yanavyopanda. Yakikaribia kufurika, yavute kwa bomba la sindano, kwa sababu yakidondoka juu ya bodi huharibu rangi. Pachika pedi mpya, uhakikishe kile kibati kinachopiga kelele pedi zinapokwisha kimekaa kama kilivyokuwa, na usiruhusu grisi iguse sehemu inayosugua diski. Rudisha kaliperi na gurudumu, ukikaza nati kwa kuvukana badala ya kuzifuata kwa mzunguko.

Sasa linakuja jambo ambalo likisahauliwa huleta ajali: kabla ya gari kusogea hata hatua moja, kanyaga pedali ya breki mara kwa mara mpaka iwe ngumu. Pistoni iliyorudishwa nyuma iko mbali na pedi, na mkanyago wa kwanza huzama hadi chini bila kushika chochote. Pedali ikibaki laini, gari lisiondoke. Huenda kuna hewa ndani ya mabomba, na hapo ni kazi ya fundi. Kwa kilomita 300 za mwanzo, epuka kufunga breki kwa ghafla na usiende kujaribia pedi mpya kwenye mteremko wa Salgaa.

Plagi, zinazowasha petroli ndani ya silinda, ni kazi nyepesi zaidi, ila injini iwe baridi. Fungua koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) moja moja, puliza vumbi kwenye shimo ili lisiingie kwenye silinda, kisha utoe plagi kwa soketi ndefu ya milimita 16. Zipange kwa mpangilio wa silinda zake na uzisome: ncha ya rangi ya kahawia hafifu inaonyesha injini yenye afya, masizi makavu huashiria petroli nyingi au chujio la hewa lililoziba, mafuta ya injini kwenye ncha yenyewe yanatoka ndani ya silinda, ilhali yale yaliyojaa shimoni kwa juu hutokana na mpira wa kuzibia uliochakaa chini ya kifuniko cha juu cha injini.

Anza kufunga plagi mpya kwa vidole ukitumia soketi bila mpini, kwa kuwa kichwa cha injini ni cha alumini na uzi wake huharibika upesi. Ikigusa chini, iongeze nusu mzunguko hadi theluthi mbili, basi. Plagi za iridiamu zisipanuliwe pengo kwa kuchokonoa ncha yake. Injini ikitetemeka baada ya kuiwasha, izime na ukague viunganishi vya nyaya za umeme vya koili zote nne, kwani mara nyingi huwa kimojawapo hakijabofya mahali pake.