Chuo binafsi mkoani kinayumba kifedha? Anzeni na kalenda ya hela, siyo kufukuza walinzi

Wakuu, hii ni kwa mlioko kwenye bodi au ofisi ya uhasibu ya chuo binafsi huku mikoani. Naongelea Tabora maana ndo naijua, ila aliyeko Kigoma ataona mambo ni yaleyale tu. Chuo kikianza kuyumba watu wanakimbilia kupunguza walinzi na wafagiaji alafu wanaweka bango kubwa la udahili stendi. Mshahara wa mfagiaji haujawahi kuua chuo.

Fungua eksel, andika miezi 12 kuanzia Oktoba, kila mwezi weka hela iliyoingia kweli mwaka jana, siyo ile ya kwenye bajeti. Utaona kitu. Ada za Bodi ya Mikopo zinakuja kwa mafungu kufuata semista, mzazi wa Urambo au Kaliua anashika hela akishauza tumbaku, yani masoko yanachangamka wakati mwaka wa masomo unaelekea mwisho, ila mishahara ni kila mwezi na umeme ni kila siku. Likizo ndefu ndo shimo lilipo. Na shimoni humo wahasibu wengi wanafanya jambo moja, wanalipa mshahara mkononi wanaacha michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na PAYE, yani kodi ya mshahara, "tutalipa wakifungua". NSSF peke yake ni asilimia 20 ya mshahara, nusu umeshamkata mfanyakazi, na ukichelewa kuna faini juu. Miaka miwili tu ya hivyo deni linakuwa kubwa kuliko jengo la utawala. Kwa hiyo hela ya semista ikiingia, kabla ya chochote, tenga ya miezi ya shimo kwenye akaunti yake. Hela zinazopita tu mikononi mwenu, kama ile elfu 20 ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa kila mwanafunzi, nazo zisiguswe, hazijawahi kuwa zenu.

Wazazi wa tumbaku wawekeeni mkataba wa ada unaofuata msimu, usainiwe mwanzoni mwa mwaka, kuliko kukabana na watoto wa watu mlango wa chumba cha mtihani.

Ukimaliza hapo ingia kwenye kozi. Kila kozi iandikie ada inayoleta na saa za wahadhiri inazokula. Hapa msikurupuke, kozi yenye wanafunzi 15 wanaokaa darasa moja na wenzao wa ualimu inaweza isiwe na hasara kabisa, wakati kozi yenye watu 80 inayotegemea wahadhiri wa kuja na treni kutoka Dar na kulipiwa lodji ikawa inawamaliza kimya kimya. Angalieni pia masomo ya pamoja, unakuta Development Studies inafundishwa mara tatu kwa wiki, madarasa matatu, mada ileile, kisa kila idara inataka mtu wake. Unganisheni. Kozi ya kufunga ndo ifungwe, ila mnawasiliana na TCU, mnasimamisha udahili, na waliopo wanamaliza, kwa hiyo nafuu yake msiipangie matumizi mwaka huu.

Kama lazima kupunguza watu, sheria ya ajira ya 2004 inataka taarifa na mashauriano kwanza, na kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, mwisho miaka 10. Mkiruka hatua mtakutana CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi), na huko mtalipa zaidi ya mlichookoa.

Mapato mapya yapo karibu kuliko mnavyodhani. AMCOS za tumbaku, yani vyama vya ushirika vya wakulima, zina makatibu wanaohitaji kujua kutunza vitabu, watumishi wa halmashauri wanataka kozi za jioni, walimu wana likizo, madarasa yenu yako wazi. Hosteli sasa... mimi siziamini sana kama zinajengwa kwa mkopo. Hesabuni kwanza wangapi wangehama geto mtaani kwa bei mtakayoweka, waulizeni wenyewe, siyo mkuu wa chuo aseme "watakuja tu".

La mwisho na ndo gumu: mmiliki. Awe mtu au taasisi ya dini, akiruhusiwa kuchota ada ya Novemba kwa shughuli nyingine, yote hayo juu ni kazi bure. Wekeni sahihi mbili benki, moja iwe ya mtu asiye chini yake, na kila miezi mitatu bodi ipewe karatasi moja tu: kilichoingia, kilichotoka, tunachodaiwa.