Kabla hujampeleka mgonjwa hospitali wakati wa maradhi ya mlipuko

Watu washaisahau korona, lakini maradhi kama yale hayapigi hodi, kwa hivyo yawekeni haya mapema.

Pigeni simu kwanza muulize kliniki yenu iko wazi na wenye kikohozi wanaingilia wapi. Barakoa ifunike pua, mdomo peke yake ni kazi bure. Msindikizaji awe mmoja, watoto wabaki nyumbani. Pesa ikiwepo chukua tuktuk, kama ni matatu basi kaa dirishani ulifungue hata kondakta akinuna, manake maradhi yale yanapita kwa hewa. Hata foleni ya daktari ikiwezekana isubirieni nje.

Wa Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, hesabuni na feri. Mwaka 2020 kafyu ilianza saa moja jioni, na siku ya kwanza kabisa, 27 Machi, watu walipigwa vitoa machozi pale pale feri wakikimbilia kuvuka. Mgonjwa toka naye asubuhi.

Sasa hili nisikilizeni vizuri. Mwaka ule ule, mwezi wa Ramadhani, mamangu ambaye ana sukari na presha alishikwa na homa siku mbili, hali hanywi, nikamvusha. Getini akapimwa joto likawa juu, hapo hapo akachukuliwa peke yake akapelekwa kule kwa wanaoshukiwa, mie nikaambiwa ngoja nje. Mkoba ninao mimi. Kadi ya kliniki, dawa, miwani, simu, vyote viko kwangu. Huko ndani anaulizwa anatumia dawa gani, anajibu kile cheupe kikubwa na kile kidogo cha usiku, aleji hakuulizika tena kwa jinsi joto lilivompanda, akadungwa sindano ya penisilini akaanza kufura uso na kukoroma. Alhamdulillahi waliwahi kumuokoa. Siwalaumu, wangejuaje? Mie nilikuwa chini ya mwarobaini ng'ambo ya geti nimeipakata ile kadi, na aleji imeandikwa juu kabisa kwa wino mwekundu.

Kwa hivyo usibebe wewe, abebe mgonjwa. Andika karatasi: jina, umri, maradhi aliyonayo, kila dawa na kiasi na saa anayokunywa, aleji kwa herufi kubwa, namba za simu mbili. Itie kwenye plastiki uibane na pini ndani ya buibui au mfuko wa shati. Dawa za siku mbili tatu ziwe kwake, na kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo, yenye chaji na kredito, na umfundishe kupokea kabla hamjatoka. Nyumbani kwetu kila mtu mzima ana karatasi yake mpaka leo, na dawa ikibadilishwa naandika upya siku ile ile.

Halafu msiogope hospitali mpaka mtu akafia nyumbani. Kifua kubana, mdomo kwenda upande, mjamzito kutoka damu, mtoto kutukutika kwa degedege, hayo hayangoji maradhi yapite. Chanjo za watoto wachanga pia zisirukwe. Na antibayotiki haziui virusi, acheni kujinunulia dukani tu. Mkirudi nyumbani oga kwanza, nguo zifuliwe, usimkumbatie mtu, madirisha yaachwe wazi, na mgonjwa mchungulieni usiku, anavopumua, kama anajibu akiitwa…