Ugezi wa kigunduzi cha gamma kwa mbolea na utambi wa karabai

Ugezi ni kujua kila chaneli ya kigunduzi (kisanduku kinachohesabu miali ya kiwango fulani) ina nishati gani. Maelekezo haya ni ya fuwele ya iodidi ya sodiamu (NaI), inayotoa mwanga ikipigwa na mwali wa gamma, ya inchi 3 kwa 3, inayotosha kupima mionzi ya mchanga na kokoto za Mwanza. Chanzo cha mionzi cha sizi-137 kinahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, tena kinaishia 662 keV (keV ni kipimo cha nishati ya mwali; namba za miali hapa chini zote ni keV). Vyanzo viwili vya dukani vinakufikisha 2614.

1. Tafuta kilo 1 ya mbolea ya kloridi ya potasiamu kwenye duka la pembejeo (kilele, yaani nishati ambapo hesabu hupanda ghafla, ni 1461), na utambi wa zamani wa karabai, zile taa za wavuvi wa dagaa, wenye thoriamu (239, 583 na 2614). Tambi nyingi za sasa zina itriamu, hazitoi kitu, jaribu kwanza. Ufunge kwenye plastiki. Usiuwashe wala kuupasua, vumbi lake lisiingie kifuani.

2. Pandisha volti ya kigunduzi polepole hadi 1461 ikae chaneli 500 kati ya 1024.

3. Joto. Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. Nyuzi 1 ya joto huweza kusogeza kilele kwa takriban asilimia 0.3. Chumba cha paa la bati kikipanda nyuzi 10 kutoka alfajiri hadi saa nane mchana, 1461 imehama karibu 44 keV. Ukipima kwa muda wa saa kumi mfululizo, kilele kinatanuka na utailaumu fuwele bure. Kwa hiyo hifadhi spektra (mchoro wa hesabu za chaneli zote) kila dakika 15, soma chaneli ya 1461 katika kila moja, zisogeze ili 1461 ikae chaneli ile ile katika zote, ndipo uzijumlishe. Matale (mawe ya graniti) ya Mwanza yana potasiamu ya kutosha, kwa hiyo hata bila mbolea kuta zitakupa kilele hicho, mradi ngome ya risasi (metali nzito ya kukinga mionzi) haijafungwa kuzunguka kigunduzi. Usikimbilie kugusa volti. Sahihisha kwenye programu. Kiyoyozi cha kuwasha asubuhi na kuzima jioni ni kibaya kuliko kukosa kiyoyozi, na kukitoa kigunduzi kwenye ubaridi ukakiweka juani kunaweza kuipasua fuwele. Umeme ukikatika, ukirudi subiri muda wa saa 1 kabla ya kuamini chochote. Betri na inveta ni nafuu kuliko kurudia kazi.

4. Pima mbolea peke yake, kisha utambi peke yake: thoriamu ina mwali wa 1459 unaojificha chini ya potasiamu. Wengi huongeza mwali wa 911 wa thoriamu. Achana nao: mwali wa 969 uko jirani, na fuwele ya NaI haiwezi kuitenganisha miali hiyo miwili, kilele kinavutwa kulia. Hata 583 ina 511 ubavuni, basi tafuta mahali pa vilele hivyo viwili kwa pamoja, kwa mlinganyo mmoja.

5. Chora chaneli dhidi ya nishati kwa mlinganyo wa digrii ya pili. Mstari mnyoofu hukosea chini ya 300 keV, kwa sababu mwanga wa NaI hauendi sambamba na nishati.