Eli Halisi ya Uingereza: Namna ya Kuionja Tamashani na Kuihudumia Nyumbani

Anayeketi baa ya Dar es Salaam au Nairobi huulizwa swali moja kabla ya yote: baridi au moto? Eli halisi ya Uingereza, ile ambayo wenyewe huiita «real ale», haimo katika jibu lolote kati ya hayo mawili, na ndugu wengi niliowapeleka kuionja kwa mara ya kwanza walikunja uso kwa funda la kwanza kwa sababu hiyo tu. Nimejitolea kuhudumu kwenye matamasha ya bia ya mashariki mwa Uingereza kwa miaka kadhaa, nikipanga mapipa, nikiyafungua na kuwamiminia watu, na nimejionea kwamba bia hii hupendwa haraka na mtu aliyeelekezwa vizuri, na huchukiwa haraka vilevile na aliyeachwa aibahatishe. Mwongozo huu ni maelekezo ninayowapa wageni wangu, kwa mpangilio ninaoufuata.

Hatua ya kwanza: elewa kwamba bia hii bado ina uhai

Eli hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, maji, hamira na maua ya hopsi, kama bia nyingine nyingi. Kinachoifanya iwe halisi ni kwamba haichujwi hamira yote, haipashwi moto mwishoni ili kuua vijidudu, wala haisukumwi kwa gesi kutoka kwenye mtungi. Hutiwa pipani ikiwa na hamira hai, ikaendelea kuchachuka humo humo ndani ya chombo ambacho itahudumiwa kutokea. Mapovu yake madogo na laini hutokana na uchachukaji huo wa pili. Bia ya kegi, ambayo wasomaji wa Kenya wanaifahamu sana, kwa kawaida huwa imekwisha kutulizwa kiwandani na husukumwa kwa gesi, ndiyo maana huweza kukaa muda mrefu bila kubadilika. Aliyekulia Kilimanjaro hahitaji maelezo marefu hapa, kwa sababu mbege nayo hunywewa ingali inachachuka, na ladha ya leo si ladha ya kesho kutwa.

Uhai huo nusura upotee. Katika miaka ya 1960 kampuni kubwa za bia za Uingereza zilihamia kwenye kegi, ambayo ni rahisi kuisafirisha na kuihifadhi, na mapipa ya jadi yakaanza kutoweka kwenye baa. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza waliokuwa likizoni Ireland walianzisha kampeni ya kuitetea bia ya jadi, ambayo leo inajulikana kama CAMRA (Campaign for Real Ale, yaani Kampeni ya Eli Halisi). Mwaka 1977 tamasha kubwa la kitaifa, Great British Beer Festival, lilifanyika kwa mara ya kwanza Alexandra Palace, London. Nayataja haya ili mgeni ajue kwamba watu atakaowakuta nyuma ya kaunta tamashani wengi wao hawalipwi. Wamekuja kwa mapenzi, na ukiwauliza swali watakujibu kwa moyo.

Hatua ya pili: litazame pipa kabla ya glasi

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo msingi wa yote. Ukifika tamashani, usikimbilie kaunta. Simama kidogo uyatazame mapipa yaliyolazwa kwenye vichanja nyuma ya wahudumu. Mengi huwa ni ya ukubwa unaoitwa fakini, yaani galoni 9 za Kiingereza, ambazo ni painti 72 au takriban lita 41. Kila pipa limelazwa ubavuni na kukazwa kwa kabari za mbao ili lisitikisike hata kidogo, na juu yake mara nyingi kuna mfuniko wa kupoozea wenye mipira midogo inayopitisha maji baridi, kwa sababu joto linalotakiwa ni nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi. Hilo ndilo joto la chumba cha chini ya ardhi cha baa ya Kiingereza. Bia hii basi si ya moto. Ina ubaridi wa maji ya mtungini asubuhi, na ukiipoza zaidi ya hapo harufu na ladha yake hufifia.

Siku moja au mbili kabla ya milango kufunguliwa, tunaligongea pipa kijiti cha mti laini kwenye tundu dogo lililo juu ya tumbo lake. Gesi huanza kupenya kwenye vinyweleo vya kile kijiti, povu jeupe likafura na kutiririka, nasi tunalifuta, tunasubiri, tunalifuta tena. Povu likishatulia kiasi kwamba, baada ya kulifuta, vijitone vichache tu ndivyo vinarudi polepole, tunajua kwamba bia imepumua vya kutosha, na hapo kijiti laini hubadilishwa kwa kigumu kisichopitisha hewa. Bomba hupigiliwa usoni mwa pipa kwa pigo moja zito la nyundo ya mbao, kwani anayesitasita hurushiwa bia kifuani. Kisha pipa huachwa litulie hadi hamira ishuke chini.

Kinachoiharakisha hamira kushuka, mara nyingi, ni dawa ya kusafishia inayotengenezwa kutokana na mabondo ya samaki, yaani vifuko vyao vya hewa. Wasomaji wa Mwanza, Musoma na Bukoba wanayajua mabondo ya sangara kama bidhaa ya thamani kubwa. Bondo la samaki likiyeyushwa hunasa chembe za hamira na kuzizamisha. Mtu asiyekula chochote kitokanacho na wanyama anapaswa kuulizia bia isiyotiwa dawa hiyo, naye asishangae ikija na ukungu kidogo.

Baada ya bia kuanza kutolewa, hewa huingia pipani kuchukua nafasi yake, na kuanzia hapo saa imeanza kuhesabu. Pipa lililofunguliwa huwa katika ubora wake kwa siku tatu hivi, kisha hupoteza uchangamfu na kuelekea kuwa siki. Kwa hiyo, unapokunywa kwenye baa ya kawaida badala ya tamasha, chagua bia inayonunuliwa sana pale, hata kama jina lake si la kusisimua, kwa sababu pipa lake ndilo jipya.

Hatua ya tatu: panga siku yako tamashani

Kula kwanza. Ukifika mlangoni, kwa kawaida utanunua au kukodi glasi, ambayo matamasha mengi huirudishia fedha ukiamua kutoichukua, na mahali pengine utanunua kadi au vocha za kulipia bia. Glasi huwa na mistari ya vipimo: theluthi ya painti, nusu painti na painti nzima. Omba theluthi. Painti ni mililita 568, hivyo theluthi ni kama mililita 189, na mtu anayeonja bia sita tofauti kwa theluthi atakuwa amekunywa painti mbili tu, ilhali amejifunza zaidi ya yule aliyekunywa painti mbili za bia moja.

Panga mfuatano kwa nguvu, si kwa udadisi. Anza na eli nyepesi ya asilimia 3.5 hadi 4.3, kama ile aina ya bitter ambayo rangi yake hufanana na asali ya nyuki wa porini, au mild ambayo mara nyingi ni nyeusi na laini mdomoni. Timothy Taylor's Landlord na Harvey's Sussex Best ni mifano mizuri ya kujifunzia, kwa kuwa uchungu wa hopsi na utamu wa kimea vimepimana ndani yake. Baada ya hapo nenda kwenye eli za rangi ya dhahabu zenye hopsi nyingi, kisha porter na stout, bia nyeusi zenye ladha ya kahawa na mkate uliobabuka. Barley wine, ambayo licha ya jina lake ni bia ya shayiri yenye nguvu inayoweza kupita asilimia 9, iwe ya mwisho kabisa, kwani ukianza nayo ulimi hautasikia tena kitu chepesi.

Waingereza hupima kileo kwa yuniti, na yuniti moja ni mililita 10 za kileo halisi. Painti ya asilimia 4 ina yuniti 2.3 hivi, na ushauri wa madaktari wakuu wa huko ni kutozidi yuniti 14 kwa wiki, zikigawanywa katika siku tatu au zaidi. Nakunywa maji baina ya kila theluthi mbili, na maji hutolewa bure tamashani. Usije na gari.

Mwezi Mei, kwenye tamasha la Cambridge, ambalo limekuwapo tangu 1974 na hufanyika chini ya mahema kwenye uwanja wa Jesus Green, mimi hupendelea kwenda mchana wa siku ya kazi. Jioni huwa na msongamano, na mhudumu aliyezidiwa na wateja hana nafasi ya kukuambia ni pipa gani limefikia ubora wake siku hiyo.

Hatua ya nne: onja kwa utaratibu

Inua glasi kwenye mwanga. Isipokuwa bia iliyokusudiwa kuwa na ukungu, eli iliyotulia vizuri hung'aa. Izungushe, inuse, kisha uchukue funda la kujaza mdomo, ulishikilie kwa sekunde mbili na kulimeza. Bia haitemwi kama mvinyo, kwa sababu uchungu wa hopsi husikika vizuri zaidi wakati wa kumeza. Funda la kwanza huwa linausafisha mdomo tu, hivyo toa hukumu yako baada ya la tatu.

Jifunze pia dalili za ubovu. Harufu ya siki inaonyesha kwamba hewa imekaa pipani muda mrefu. Ladha ya kadibodi iliyolowa ni ya bia iliyochakaa, na ladha nzito ya siagi, ikizidi, mara nyingi ni ya bia iliyoondolewa kwenye hamira mapema mno. Ukikutana na hali hizo, rudisha glasi kwa adabu na useme ulichokisikia. Niliwahi kuketi katika baa moja nikanywa painti nzima ya siki kwa kuogopa kumuudhi mwenye baa, na mgeni wangu aliyekuwa akinitazama akaondoka akiamini kwamba hivyo ndivyo eli inavyopaswa kuwa. Jambo hilo bado linaniuma, kwa kuwa sikupata nafasi nyingine ya kumwonyesha ukweli. Mwenye baa mwaminifu atakubadilishia bila ubishi.

Hatua ya tano: chupa nyumbani

Si kila chupa ya bia ya Kiingereza ina uhai ndani yake, nyingi zimechujwa. Tafuta kwenye lebo maneno «bottle conditioned», yanayomaanisha kwamba hamira imo chupani na bia inaendelea kukomaa humo. Fuller's 1845, yenye asilimia 6.3, ni nzuri ya kuanzia.

Isimamishe wima, mahali pa baridi na giza, kwa saa 24 angalau, ili hamira itande chini, usiilaze. Ikiwa ilikuwa kwenye friji, itoe dakika 30 hadi 40 kabla ya kunywa. Glasi iwe imesuuzwa hadi isibaki sabuni wala mafuta. Viputo vikiganda ukutani mwa glasi baada ya kumimina, glasi haikuwa safi. Iinamishe, uilete chupa karibu na ukingo wake, kisha mimina kwa mkono mmoja usiotetereka na bila kuirudisha chupa wima katikati, maana kila mrudisho huikoroga hamira. Macho yako yawe kwenye shingo ya chupa. Utaona bia safi ikipita, halafu uzi mwembamba wa rangi ya maziwa ukianza kuifuata. Hapo hapo simama. Kinachobaki ni kama sentimita moja, nacho hakidhuru, ila kitaitia bia ukungu na ladha ya hamira mbichi. Mimi huinywa bia hii pamoja na jibini ya cheddar iliyokomaa, na kwa porter sijapata kitu kinachozidi korosho za Mtwara zilizobanikwa.

Hatua ya sita: boksi la bia kwa ajili ya sherehe

Viwanda vingi vidogo huuza eli katika boksi lenye mfuko ndani, la painti 17 au 18 kwa dogo na 36 kwa kubwa. Uliza swali moja kabla ya kulipa: ni bia iliyokwisha kutenganishwa na hamira, au ingali nayo? Ya kwanza iko tayari siku hiyo hiyo, lakini inywewe ndani ya siku mbili tatu. Ya pili hudumu zaidi, na hudai utulivu. Kwa ubatizo wa mtoto wa ndugu yangu nilinunua ya pili bila kuuliza, nikaileta garini asubuhi ile ile na kuifungua baada ya misa, ikatoka na tope kama Rufiji wakati wa masika. Wazee waliitazama, wakaomba soda.

Kwa hiyo boksi lenye hamira liletwe siku mbili kabla. Liweke pale pale litakapohudumiwa, bomba likiwa limeshatokezwa ukingoni mwa meza, kwa kuwa hutaligusa tena. Lifunike kwa taulo iliyoloweshwa, uweke chupa za maji yaliyoganda pembeni, na uzibadilishe asubuhi na jioni. Glasi ya kwanza imwage, maana hubeba hamira iliyokaa bombani. Mfuko hujikunja kadiri bia inavyotoka, hewa haiingii sana, na bia hubaki nzuri hadi kesho yake. Zikibaki painti mbili hivi, inua nyuma ya boksi polepole kwa kuiwekea kitabu chembamba chini yake, na ukiona ukungu umeingia glasini, funga bomba.