Somo: Mfundishe mtoto habari za dunia kwa kuanzia na kokoto

Wengi huanza na volkano. Mimi huanza na jiwe, kwa sababu mtoto wa Sinza, hapa Dar es Salaam, huenda hajauona mlima Kilimanjaro, lakini kokoto anazikanyaga kila siku. Miaka 7 hadi 10 ni umri mzuri sana.

Hatua ya 1. Waombe mafundi wa jirani kokoto chache za machimbo ya Kunduchi, zile nyeupe, na chache za machimbo ya Lugoba, za kijivu na ngumu. Mwache mtoto azishike na kuzipima uzito mkononi. Majina baadaye.

Hatua ya 2. Kwangua kila jiwe kwa msumari, kisha lidondoshee ndimu. La Kunduchi litatoa povu, la Lugoba litatulia tu. Mwache arudie hata mara kumi. Jiwe jeupe ni chokaa, limetokana na matumbawe na makombe ya baharini. Tindikali ya ndimu inalila na kutoa hewa ileile ya kwenye soda. La Lugoba liliokwa na kukandamizwa chini sana ardhini, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita.

Hatua ya 3. Nendeni Coco Beach maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua ni nzuri zaidi, maji huenda mbali. Vaeni viatu, mwamba ule unakata. Mwonyeshe matumbawe yaliyoganda ndani ya mwamba mkavu, umuulize: nani kayaleta huku juu? Mwanangu alijibu, "Wavuvi." Sikumkatiza. Nilimtembeza ufuoni mpaka akaona mwamba mzima ni matumbawe, akanyamaza, kisha akauliza mwenyewe kama bahari iliwahi kufika pale. Ilifika. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita dunia ilipata joto, barafu nyingi ikayeyuka, bahari ikapanda mita kadhaa kuliko leo.

Hatua ya 4. Achore alichokiona, nyumbani, siku hiyohiyo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Ndimu yangu haikutoa povu.*
Marahaba. Kwangua upate unga kwanza, udondoshee hapo, usogeze sikio karibu. Likikataa kabisa, huenda si la chokaa.

*Tuvunje kipande cha matumbawe tuje nacho?*
Hapana, tafadhali. Yaliyo majini ni hai na samaki huzaliana humo. Okoteni kilicholegea mchangani.

*Binti yangu anaogopa, anauliza kama Dar kuna volkano.*
Hakuna, mama. Mwambie volkano ya Ol Doinyo Lengai iko mbali kaskazini, kwenye Bonde la Ufa.

*Na lile tetemeko la Agosti 2020?*
Lile la usiku wa tarehe 12 lilianzia chini ya bahari, kusini-mashariki mwa jiji. Miamba ya huko ina nyufa kubwa, na upande mmoja ukiteleza ghafla, ardhi hutikisika. Mpe mtoto matofali mawili ayasuguanishe kwa nguvu: yanakwama, yanakwama, kisha yanaruka.